Uso kwenye mbuyu wa Kunduchi

Watoto wengi wa Pwani huambiwa mapema kwamba mbuyu una wenyewe. Wangu wa miaka saba aliambiwa na wenzake shuleni, akaanza kuogopa kupita chini ya mibuyu. Ubuyu wa sukari anakula, tena anaramba vidole vyekundu. Mti wenyewe ndio hautaki.

Jumamosi asubuhi tulimfunga kamba mbwa wetu, Simba, tukatembea kutoka Mtongani kuelekea magofu ya Kunduchi, penye mibuyu mikubwa. (Jina alichagua baba watoto. Mashabiki wa Yanga njiani hawakunyamaza.) Mzazi, kabla ya kutoka na mbwa hakikisha chanjo yake ya kichaa cha mbwa haijapitwa na muda, na barabarani mshike kwa kamba fupi, si kila mtu anampenda. Magofuni pana msikiti wa kale na makaburi ya nguzo ya karne ya 18, mengine yalipambwa kwa sahani za Kichina. Hapo si pa kuingiza mbwa. Tulibaki nje, kwenye mibuyu.

Mtoto ndiye aliyeona kwanza. "Mama, ule unaniangalia."

Kweli, mashimo mawili, nundu katikati, ufa uliopinda kama mdomo. Kumwambia hakuna kitu kungekuwa uongo. Ubongo wa binadamu una haraka ya kuona sura. Hata mtoto mchanga hugeukia zaidi mchoro wenye macho mawili na mdomo kuliko uliovurugwa. Ndiyo maana tunaona nyuso mawinguni, hata kwenye taa za mbele za daladala. Wakubwa wanaotumia mbuyu kutishia watoto wanachukua uwezo huo mzuri na kuugeuza hofu ya usiku.

Tukauzunguka mti. Hatua tano kushoto, jicho moja likapotea: lilikuwa kovu la tawi lililokatika. Mdomo ulikuwa alama ya gome lililochunwa zamani. Mbuyu ukichunwa huota gome jingine, ila kovu hubaki. Simba alinusa shina, akainua mguu palepale chini ya kidevu. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini.

Baada ya hapo alizitafuta mwenyewe. Akampata bibi kibogoyo, mbuzi, na mwalimu wake wa hesabu, ambaye nimeomba habari zake zisifike shuleni.

Nendeni mapema. Jua la asubuhi huja kwa ubavu na kujaza vivuli kwenye mashimo. Likifika utosini nyuso hufifia, na lami huunguza nyayo za mbwa.