Mume na Mke Wapumzika Kondoa

Watu wengi husafiri kwa sababu tatu: msiba, harusi au ugonjwa. Mume na mke kupanda basi ili wakapumzike tu, hilo huonekana ni jambo la matajiri. Majirani zetu wa Majengo, Dodoma, walituuliza, "Mnakwenda kwa nani?" Tulipojibu kwamba hatuendi kwa mtu, walicheka.

Majengo ni mahali pa kelele. Soko liko hapo hapo. Mke wangu anauza mboga, na huamka saa kumi usiku. Mimi ni mlinzi wa usiku. Yeye akitoka, mimi narudi. Dodoma ilipandishwa kuwa jiji mwaka 2018, na watu wanazidi kuongezeka. Nyumba yetu ina vyumba vitatu, na kimoja tumempangisha mtu. Ukisema neno jioni, asubuhi limefika sokoni.

Na sisi tulikuwa na neno zito. Mama yangu amezeeka, naye anaishi peke yake kijijini. Nani atamtunza? Mwaka mzima tulilianza neno hilo na kuliacha katikati.

Basi tuliweka akiba kidogo kidogo. Mavuno ya mwaka huu yalipokaribia, tukaenda Kondoa kwa siku tatu.

Kondoa ni mji mdogo ulio kaskazini ya Dodoma, umbali wa kilometa kama 160. Zamani safari hii ilikuwa ya vumbi, na wakati wa masika ilikuwa ya matope. Barabara ya lami kutoka Dodoma mpaka Babati ilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Ni sehemu ya njia ndefu itokayo Cape Town, Afrika ya Kusini, mpaka Cairo, Misri. Sisi tulishuka Kondoa. Cairo tuliwaachia wengine.

Wenyeji wengi wa huko ni Warangi. Hawana haraka ya kusalimia. Watakuuliza habari za nyumbani, za watoto na za shamba, kisha watangoja ujibu. Mjini kuna chemchemi, na kata moja inaitwa Chemchem. Mke wangu, aliyezoea kupanga ndoo foleni, alisimama akiyatazama yale maji kwa muda mrefu. Tulipata nyumba ya wageni ya bei ndogo. Siku ya kwanza tulilala tu. Ndiyo, tulilala mchana!

Siku ya pili tulikwenda Kolo, kijiji kilicho kaskazini ya mji, kando ya barabara kuu. Hapo ipo ofisi ya Mambo ya Kale. Mgeni huanzia hapo, akalipa kiingilio na kupewa mtu wa kumwongoza. Asiende peke yake. Achukue maji ya kunywa na viatu imara, kwa kuwa atapanda mlima wa mawe.

Juu ya mlima yako mawe makubwa yaliyoinama kama paa la nyumba. Chini yake watu wa kale walichora picha. Nyingi ni za rangi nyekundu. Utaona wanyama, na utaona watu warefu, wembamba, wenye vichwa vya ajabu. Michoro mingine ina miaka 2,000 au zaidi. Mahali penye michoro katika eneo la Kondoa ni zaidi ya 150. Mwaka 2006 shirika la UNESCO liliitia michoro hiyo katika Urithi wa Dunia.

Mchoro mmoja unajulikana sana. Mtu yuko katikati. Wawili wamemshika upande huu, na wawili upande ule. Mtaalamu Mary Leakey, aliyenakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, alifikiri kwamba ni mwanamke anayenyang'aniwa. Wataalamu wengine wanasema ni ngoma ya uganga, kama ile ya Wasandawe. Mimi niliona kwamba ni ngoma. Mke wangu alikataa. Alisema, "Baba watoto, hawa wanamvuta huku na huku, na hakuna aliyemwuliza yeye anataka nini." Sikujibu. Nilijua kwamba sasa hatusemi juu ya mchoro.

Michoro hiyo ina maadui. Wako watu wanaochimba chini ya mawe wakitafuta mali ya Wajerumani, wakiamini kwamba ilifukiwa huko. Wengine huandika majina yao juu ya picha. Wengine humwagia maji ili picha ionekane vizuri, na maji huiharibu. Wazee wa huko bado wana mahali pao pa kufanyia matambiko katika mawe hayo, na mgeni hana budi kupaheshimu.

Ukiwa juu unaona vilima vya Irangi. Leo vina miti na majani. Miaka ya 1970 sehemu kubwa ilikuwa wazi, imekatwa na makorongo. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Fikiri, ndugu msomaji, kuambiwa uwaondoe ng'ombe wako wote! Wengi waliumia. Lakini majani yaliota tena, na baadaye watu waliruhusiwa kufuga ng'ombe wachache ndani ya zizi.

Jioni tulikaa nje ya nyumba ya wageni. Hapakuwa na mpangaji wala mtoto wa kusikiliza. Nikamwuliza mke wangu, "Mama watoto, wewe unataka nini?"

Alisema, "Mama yako ni mama yangu. Sijakataa asije. Lakini mchana wewe umelala, mimi niko sokoni. Atakayemwogesha na kumpikia ni mimi. Hilo hukuwahi kulisema."

Alisema kweli. Tuliongea mpaka saa nne usiku, tukapatana. Mpangaji tutampa notisi, na chumba chake kitakuwa cha Mama. Kodi yake tutaikosa. Mke wangu atauza mboga asubuhi tu, na meza yake ya jioni atampa mdogo wake. Mimi nitaomba zamu ya mchana. Nikiikosa, nitakuwa naamka saa sita kumpa Mama chakula. Atakuja baada ya mavuno.