Kuku wa Asali kwa Mgeni Myahudi

Sisi tukaao katika nyumba za polisi na za jeshi hukutana na watu wa kila kabila na kila dini, maana kazi hutuhamisha leo hapa, kesho kule. Kwa hiyo yampasa mama wa nyumbani ajue si mapishi tu, bali na sheria ya chakula ya yule atakayemkaribisha.

Mume wangu alipohamishiwa Mbale, mashariki ya Uganda, nilifanya urafiki na mama mmoja wa jamii ya Abayudaya. Hao ni Waafrika walioanza kufuata dini ya Kiyahudi mwaka 1919, chini ya uongozi wa Semei Kakungulu. Wakati wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku. Wengi waliiacha, na wachache walisali kwa siri mpaka utawala ule ulipoanguka mwaka 1979. Baba mkwe wa rafiki yangu aliiona miaka hiyo, na tangu hapo hakupata kula katika nyumba ya mtu avaaye sare. Nilipowaalika Jumapili moja, nilifahamu uzito wa mwaliko huo.

Kuku wa kosheri, yaani aliye halali kwao, huchinjwa na Myahudi aliyefunzwa kazi hiyo, kwa kisu kikali kisicho na pengo. Kisha hulowekwa majini nusu saa, hupakwa chumvi ndani na nje kwa muda wa saa moja ili damu itoke, na husuuzwa mara tatu. Nyama haichanganywi na maziwa; basi siagi na samli ziwe mbali, utumie mafuta ya alizeti. Rafiki yangu alileta kuku, sufuria na sahani kutoka kwake, akawasha moto kwa mkono wake mwenyewe, kama sheria yao itakavyo.

Tulimpaka kuku mafuta, tangawizi na kitunguu saumu, chumvi hatukuongeza. Tulimfunika sufuriani, tukapalia makaa juu ya kifuniko, akaiva kwa muda wa saa moja na zaidi. Kando tulichemsha maji ya machungwa mawili na vijiko vitatu vya asali mpaka yakawa mazito. Mpake kuku mchuzi huo katika dakika 15 za mwisho tu, mara mbili au tatu, kwani asali ikiwahi motoni huungua na kuwa chungu. Ngozi itang'aa kama shaba.

Mume wangu, angali na sare yake ya zamu, alimmiminia mzee maji ya kunawa. Mzee akasema, "Ahsante, mwanangu," akasali, akala kuku kwa matoke, kisha akaomba kipande cha pili.

Akina mama wenzangu, kabla ya kuwasha jiko, muulizeni mgeni ale nini na asile nini. Swali hilo halimwaibishi mtu. Humwonyesha kwamba mmemheshimu.