Bibi, tiketi ya pointi na saa 15 za Addis Ababa

Moshi. Simu ya WhatsApp iliita saa tatu usiku, wakati bibi wa miaka 67 amekwisha kumeza kidonge chake cha presha na anatafuta khanga ya kulalia. Upande wa pili alikuwa binti yake wa tatu, anayefanya kazi ya kuhudumia wazee huko Scarborough, mashariki mwa jiji la Toronto, Canada.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo na hilo tumbo?"

"Sijambo. Mama, tiketi imepatikana. Ya kwenda na kurudi. Bure."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomkalisha bibi kitandani. Alikwishajiandaa kuambiwa kwamba nauli imeshindikana na kwamba binti atajifungua peke yake, mume akiwa kazini usiku, bila mtu wa kumpikia mtori wala kumkanda mgongo. Viza ilikuwa tayari kwenye pasipoti. Kilichokuwa hakipo ni fedha ya ndege.

Bure yenyewe ilikuwa na historia. Kwa miaka minne binti huyo amekuwa akilipia mafuta ya gari, chakula na bili ya simu kwa kadi ya benki iliyounganishwa na Aeroplan, programu ya pointi ya shirika la ndege la Air Canada. Kila dola aliyotumia ilimwachia pointi kidogo. Deni la kadi alilimaliza kila mwezi, na hilo ni jambo la kusisitiza, kwa sababu anayeacha deni likae hutozwa riba inayozidi thamani ya pointi zote alizopata. Wapo wengi ughaibuni wanaojisifu kusafiri bure huku benki inawatafuna taratibu.

Air Canada haitui Tanzania. Lakini ni mmoja wa waanzilishi watano wa umoja wa Star Alliance, ulioundwa mwaka 1997, na Ethiopian Airlines ilijiunga na umoja huo mwaka 2011. Mashirika yaliyo ndani ya umoja huuziana viti. Ndiyo maana pointi zilizopatikana kwenye kituo cha mafuta Scarborough zinaweza kumtoa mtu KIA, kumpitisha Addis Ababa na kumfikisha Toronto, bila yeye kuona ndege ya Air Canada hata moja njiani.

Hapo ndipo wengi hukosea. Huona ndege ya Ethiopian ina viti vitupu vya kuuza na kudhani viti hivyo vinapatikana kwa pointi. Sivyo. Shirika linalorusha ndege hutenga viti vichache kwa ajili ya wenye pointi wa mashirika washirika. Siku nyingine ni viwili, siku nyingine hakuna kabisa, na familia haina namna ya kulilazimisha. Kwa hiyo tarehe ya safari huchaguliwa na kiti. Binti wa Scarborough alikuwa akirudi zamu ya usiku, anavua viatu, anafungua kalenda ya Aeroplan na kupitia siku moja baada ya nyingine, tumbo likiwa linazidi kukua.

Kiti kilipopatikana, pointi zilitoka kwenye akaunti yake na tiketi ikaandikwa jina la mama yake. Hakuhitaji kumhamishia pointi, jambo ambalo mara nyingi hulipiwa. Alitakiwa tu kuandika majina kama yalivyo kwenye pasipoti, yote matatu, kwa mpangilio uleule. Akalipa kodi za viwanja na dola 39 za Canada, ada ambayo Aeroplan hutoza kwa tiketi za mashirika washirika. Tozo ya mafuta, ambayo kwenye programu nyingine inaweza kukaribia nauli ya kawaida, Aeroplan haiichukui kwa tiketi za namna hii. Ukilinganisha na nauli, bure si neno baya sana.

Bibi alipelekewa ratiba kwenye simu, mjukuu wa jirani akaichapisha dukani mjini. Kwenda: KIA jioni, Addis Ababa kusubiri saa chache, kisha Toronto, mwezi Januari. Kurudi: Aprili, Toronto hadi Addis Ababa, kusubiri saa 15, kisha KIA. Ndege ya asubuhi ya kutoka Addis haikuwa na kiti cha pointi. Kilichobaki kilikuwa cha usiku.

Saa 15 hazikumtisha bibi. Amekesha misibani zaidi ya hapo. Aliikunja karatasi, akaiweka kwenye daftari lake la kliniki ya presha, na ilikuwa humo siku alipokwenda kupimwa. Daktari aliiona alipofungua daftari. Akaisoma, akauliza swali moja.

"Mama, kadi ya njano unayo?"

Hakuwa nayo. Hajawahi kutoka nje ya nchi zaidi ya Taveta, sokoni.

Canada haidai cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tanzania inadai, kwa abiria anayetoka katika nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na pia kwa aliyepitia uwanja wa ndege wa nchi kama hiyo akakaa zaidi ya saa 12. Ethiopia imo kwenye orodha ya nchi hizo. Kwa hiyo mama huyu, ambaye angekuwa anarejea nyumbani kwake kutoka kwenye theluji, angefika dirisha la afya la KIA akiwa abiria wa kuulizwa cheti, kwa sababu tu ya saa tatu zilizozidi pale Addis.

Kwa kijana, jibu ni rahisi: achanjwe. Chanjo ya homa ya manjano huchomwa mara moja, cheti huanza kufanya kazi baada ya siku 10 na tangu Julai 2016 kinatambulika kwa maisha yote. Lakini chanjo hii hutengenezwa kwa kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwa mtu wa miaka 60 na kuendelea anayechanjwa kwa mara ya kwanza, uwezekano wa kupata madhara makali ni mkubwa kuliko kwa vijana. Madhara hayo ni nadra, lakini yanaweza kuua. Daktari hupima hatari mbili: ile ya ugonjwa huko mtu anakokwenda na ile ya chanjo yenyewe. Kwa mtu atakayekaa ndani ya jengo la uwanja wa Bole na kunywa chai, daktari huyu hakuona sababu ya kumchoma. Angeweza kuandika cheti cha kumsamehe chanjo kwa sababu za kiafya, kinachotambulika kimataifa, ila alimwambia ukweli kwamba cheti hicho huamuliwa na ofisa atakayekuwa dirishani siku hiyo, usiku, na bibi akiwa amechoka.

"Binti yako hawezi kupata ndege nyingine?" aliuliza.

Usiku ule simu ilipigwa kutoka Moshi kwenda Scarborough, si kinyume chake kama ilivyozoeleka. Binti alikasirika kwanza. Alikuwa amehangaika wiki nyingi, na sasa anaambiwa kuhusu kadi. Kisha akanyamaza, akasema, "Mama, ningekuchomesha sindano kwa ajili ya bure yangu."

Akarudi kwenye kalenda, safari hii bila kung'ang'ania KIA. Ndipo akaona tarehe ileile, ndege ileile ya kutoka Toronto, inaunganisha Addis Ababa asubuhi kwenda Dar es Salaam, kusubiri chini ya saa tatu. Kiti cha pointi kilikuwepo. Kaka yake mkubwa anaishi Tabata. Alilipa ada ya kubadili tiketi na suala la kadi likaisha.

Kuna somo dogo la kiutendaji ambalo familia ililigundua kwa bahati. Tiketi ya namna hii huwa na namba mbili za safari, moja ya shirika lenye pointi na nyingine ya shirika linalorusha ndege. Kiti cha magurudumu, chakula cha mtu wa presha na uchaguzi wa siti ya pembeni mwa njia huombwa kwa shirika linalorusha, kwa namba yake. Binti alikuwa ameomba Air Canada na kudhani yamekwisha. Alipopiga simu Ethiopian, hakuna ombi lililokuwa limefika. Huduma ya kiti cha magurudumu hailipiwi, ila inatakiwa iombwe mapema, angalau saa 48 kabla.

Siku ya safari KIA ilikuwa na anga safi. Uwanja huo, uliofunguliwa mwaka 1971 kwenye tambarare ya Hai kati ya Moshi na Arusha, unampa anayeondoka Mlima Kilimanjaro wote kwa mara moja, jambo ambalo watu wa Moshi mjini hulipata kwa kuvizia. Watalii wenye buti za vumbi walikuwa wakipiga picha. Bibi hakupiga. Alikuwa anahesabu dawa. Daktari alimwagiza zote ziwe kwenye begi la mkononi, kwenye pakiti zake, pamoja na barua yenye majina ya dawa hizo. Nyama ya kukausha aliyotaka kubeba kwa ajili ya mtori ilibaki kwa dada yake, kwani isingevuka forodha ya Canada.

Safari ya Addis Ababa inazidi saa mbili kidogo. Bole iko mita zaidi ya 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Moshi mjini, chini ya mita 1,000, huhisi pumzi ikifupika anapopanda ngazi. Ndani ya ndege hali haina tofauti kubwa, kwa kuwa hewa huwekwa kama ya mlimani kwenye mita 1,800 hadi 2,400, yaani kuanzia pale getini Marangu kwenda juu. Kwa presha iliyotulia si tatizo. Kwa ile isiyotulia ndiyo sababu ya kumwona daktari kabla.

Akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akisubiri, bibi alitaka kujua saa. Skrini ziliandika 21:05, namba asizozipenda. Akamwonyesha mama mmoja mfagiaji mkono wake usio na saa. Yule mama akanyoosha vidole vitatu. Saa tatu. Mzungu aliyekaa jirani alitazama vidole, akatazama skrini, akakunja uso. Bibi hakushangaa hata kidogo. Waethiopia nao huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, kama Waswahili, na wapo kwenye majira yaleyale. Ilikuwa saa ya kidonge. Akakimeza hapohapo, na daktari alikuwa amemwelekeza aendelee hivyo hata Toronto: saa tatu usiku ya Moshi ni saa saba mchana ya kule wakati wa baridi.

Kutoka Addis ni safari ndefu. Hewa ya juu ni nyepesi na ndege iliyojaa mafuta hunyanyuka kwa taabu, ndiyo maana kwa miaka mingi ndege za Ethiopian kwenda Amerika Kaskazini zimekuwa zikitua Ulaya kuongeza mafuta, ilhali kurudi huweza kuruka moja kwa moja. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kukaa kwenye chombo cha safari saa nne au zaidi huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, ingawa kwa mtu mmoja mmoja uwezekano huo bado ni mdogo. Bibi alivaa soksi za kubana alizoandikiwa kliniki, alizungusha vifundo vya miguu, na kila baada ya filamu moja ya jirani yake alisimama akatembea hadi chooni na kurudi. Mhudumu alidhani anaumwa tumbo.

Mtoto alizaliwa Februari, wa kike. Mtori ulipikwa kwa ndizi za duka la Scarborough, ambazo bibi alizihukumu kuwa za kuchekesha, ukaliwa hata hivyo. Jumapili moja walimpeleka mtaa wa Danforth, kwenye migahawa ya Kiethiopia, na alipoletewa kahawa aliuliza kama hapa nako saa zinahesabiwa vizuri.

Aprili alitua Dar es Salaam mchana, akapita dirisha la afya bila kusimamishwa. Kijana wake alitaka apande basi la Moshi kesho yake alfajiri. Alikataliwa kwa simu kutoka Scarborough, kwa ukali, kwa kuwa saa 13 za ndege zikifuatiwa na siku nzima ya basi ndiyo njia ya kutafuta damu kuganda. Bibi akakaa Tabata siku nne, miguu juu ya stuli, akitazamwa na wajukuu wa huko.

Siku ya tatu alipiga simu Canada mwenyewe.

"Zile pointi zako, zimebaki?"

"Kidogo, mama. Naendelea kununua mafuta."

"Nunua," bibi alisema. "Baba yako ana miaka 71. Anza kutafuta hicho kiti sasa hivi, na kiwe cha kupitia Dar."