Siku mbili Unguja: mpango kwa wamama wanaopanda boti mara ya kwanza

Tangu kundi la likelemba liliposema kwamba safari ya Dar es Salaam ya mwezi wa nane itaongezewa siku mbili za Zanzibar, maswali yamekuwa mengi kuliko dola zilizokwisha kuingia. Boti inatikisika? Kule kuna bukari? Siku mbili zinatosha kuona nini? Nilisindikiza kundi la mwaka jana, tulikuwa tisa, kwa hiyo nimeombwa niandike. Bei za Kariakoo sitazigusa, wenye biashara wanazijua kunipita. Nitasema habari ya boti na ya siku mbili zile.

Njia ya mpaka Dar wengi wenu mnaifahamu: Kasumbalesa, Kapiri Mposhi, Nakonde na Tunduma, kisha Mbeya na kuteremka. Ndiyo njia ya malori ya shaba yetu. Wanaopenda treni wanaipanda TAZARA pale Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 mpaka Dar. Jambo moja tu la kukumbuka: ukivuka Tunduma, saa inaruka mbele kwa saa moja. Tena kule hawahesabu kama sisi tunaozoea kutaja saa kwa Kifaransa. Tiketi imeandikwa 07:00, lakini mkata tiketi atakuambia kwa mdomo "saa moja asubuhi". Andikeni yote mawili kwenye karatasi, ya tiketi na ya mdomo, mpaka masikio yazoee.

Kabla ya kupanga lolote nilisoma namna wanavyofanya watalii wa meli kubwa za visiwa vya Caribbean. Meli inafika asubuhi katika bandari, inaondoka jioni, na abiria ana saa saba au nane tu. Akichukua matembezi yaliyopangwa na meli yenyewe, meli humngoja basi likichelewa. Akijipangia peke yake akachelewa, anaiona meli ikienda na sanduku lake. Kwa hiyo wenye uzoefu huchagua jambo moja kubwa kwa kila bandari, wanalifanya asubuhi, na saa mbili za mwisho wanakaa karibu na gati. Sisi hatuna meli ya hoteli, lakini kanuni hiyo inatufaa kabisa, maana boti ya kurudi Dar haimjui mama yeyote wa Kipushi.

Sasa boti. Gati la Dar liko mjini, ng'ambo ya barabara na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, rahisi kulipata. Boti ya mwendo wa kasi inachukua karibu saa mbili. Mwaka jana tiketi ya mgeni ya daraja la kawaida ilikuwa dola 35 kwenda tu. Nunueni dirishani, si kwa kijana anayewakimbilia barabarani na kuwaita "mama yangu". Waunguja wenyewe wana jina la vijana wa namna hiyo, papasi, ndio wale wadudu wanaong'ang'ania ngozi ya ng'ombe.

Kutikisika, ndiyo, inatikisika. Mwezi wa saba na wa nane, ambao ndio likizo yetu kubwa, ni wakati wa upepo wa kusi, na mawimbi ya mkondo ule huwa makubwa kuliko ya mwezi wa pili. Keti chini na nyuma, si juu na mbele. Kula kidogo kabla, mkate na chai vinatosha. Kidonge cha kuzuia kutapika humezwa kabla ya kuondoka. Ukingoja mpaka tumbo ligeuke, umechelewa. Wanne kati yetu walitapika, na mabaharia waligawa mifuko bila kumcheka mtu.

Na hapa nasema kwa uzito, kwa sababu kuna watakaotuambia iko njia ya bei ndogo. Tarehe 10 mwezi wa tisa 2011 meli Spice Islander ilizama usiku kati ya Unguja na Pemba, imejaza watu kupita kipimo. Tarehe 18 mwezi wa saba 2012 Skagit ikazama ikitoka Dar kwenda Unguja, mchana, katika upepo ule ule wa kusi. Mamia ya watu walikufa, wengi wakiwa wamama na watoto. Kwa hiyo: hakuna jahazi, hakuna mtumbwi wa mashine kutoka Bagamoyo, hakuna boti ambayo watu wamesimama mlangoni. Kama bahari imechafuka na safari imeahirishwa, tunalala Dar na kupoteza siku. Kundi likubali hilo kabla ya kuondoka Kipushi, si gatini.

Hati: pasipoti inaangaliwa tena Unguja hata kama imegongwa muhuri Tunduma, pamoja na kadi ya manjano ya chanjo. Tangu tarehe 1 mwezi wa kumi 2024 Zanzibar inadai bima yake kwa wageni kutoka nje, dola 44 kwa mtu mzima, inalipwa kwa intaneti. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo mwekahazina aulize mapema, kwa maandishi, ni nini kinadaiwa kwa pasipoti ya Kongo, habari ya viza na ya bima.

Siku ya kwanza ndiyo tuliyogombana juu yake, na nadhani tutagombana tena. Kuna kisiwa cha Changuu chenye kobe wakubwa walioletwa kutoka Seychelles. Kuna mashamba ya viungo, karafuu na mdalasini na hiliki. Kuna msitu wa Jozani na kima punju wake wekundu. Vijana wa gatini watawauzia vyote vitatu kwa siku moja, na utarudi hukuona hata kimoja, umeona ndani ya gari tu. Mimi nasema siku ya kwanza asubuhi twende kwa miguu mpaka Mkunazini, katika Mji Mkongwe, pale palipokuwa soko la watumwa.

Sababu yangu ni hii. Mtalii wa Ulaya anapasoma kama habari ya watu wengine. Sisi ni habari yetu. Msiri, aliyetoka Unyamwezi akajenga utawala wake Bunkeya, aliuza shaba, pembe za ndovu na watu, kwa pande mbili, Angola na pwani hii. Tippu Tip, aliyetawala Kasongo kule Maniema, alizaliwa Unguja na nyumba yake iko Shangani mpaka leo. Na msafara uliomwua Msiri tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1891, ukaitia Katanga mikononi mwa mfalme Leopold, uliajiri wapagazi wake wengi hapo hapo Zanzibar. Ninafundisha mambo hayo kila mwaka mbele ya ubao. Watoto wanaandika tarehe, wanapata pointi, wanasahau.

Soko lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Mwaka ule ule Waanglikana wakaanza kujenga kanisa kuu juu ya kiwanja hicho, na madhabahu imewekwa, kama inavyosimuliwa, mahali uliposimama mti wa kupigia watu viboko. Ndani kuna msalaba mdogo wa mbao. Mbao yake ilitoka katika mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone, mwaka huo huo wa 1873. Wenyeji wa kule wanauita mti ule mupundu. Ndiyo, mupundu, ule ambao matunda yake tunayaokota porini. Wamama wawili walirudi kuuangalia tena.

Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano, wamefungwa shingoni kwa minyororo ya kweli ya zamani, kazi ya Clara Sörnäs, 1998. Karibu yake kuna vyumba vya chini, dari inakufanya uiname, na mwongozaji atasema watumwa walirundikwa humo. Kama mwalimu niongeze kwamba wanahistoria kadhaa wanaona jengo lile ni la misheni, lililojengwa baada ya soko kufungwa. Mwulizeni mwongozaji kwa upole. Wetu alijibu vizuri kuliko nilivyotazamia: alisema vyumba vinaweza kubishaniwa, soko haliwezi.

Si kila mmoja aliingia. Mama mkubwa wa kundi, anayenizaa kwa umri, alisema, "Mwalimu, sikutoka Kipushi kwa kuja kulia," akaketi nje na mizigo yetu. Hatukumlazimisha. Jioni, tunakula Forodhani, akaniuliza kama majina ya wale watu yameandikwa mahali. Nikamjibu kwamba sikuona majina. Akanyamaza, akaendelea na samaki wake. Kwa hiyo mpango wa mwaka huu una nafasi mbili: asiyetaka kuingia anakwenda na mwenzake soko la Darajani, dakika chache kwa miguu, na wote tunakutana mlangoni mwa kanisa saa sita za mchana. Hakuna anayetembea peke yake. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinafanana kama mapacha.

Mchana ule, baada ya kula, inatosha kuzunguka polepole: milango ya kuchongwa, nyumba ya Tippu Tip kwa nje, na Beit al-Ajaib, jumba la Sultani la mwaka 1883 lililobomoka sehemu moja mwezi wa kumi na mbili 2020. Urojo ule wa mitaani, wenye maembe na bajia, mjaribu.

Siku ya pili ni ya bahari, na bahari haipangwi kwa kalenda ya ofisi. Pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, maji yanakupwa mbali sana, na pale wamama wanapolima mwani, mashamba yanaonekana maji yakitoka tu. Kazi hiyo ilianza kibiashara mwisho wa miaka ya 1980, na wakulima wengi ni wanawake. Mwani hukaushwa na kupelekwa nje, unatiwa katika dawa ya meno na vyakula. Wanafunga vipande kwenye kamba, kamba kwenye vijiti, wanangoja wiki chache, wanavuna, wanaanika. Aina nene yenye bei nzuri inakufa maji ya ufukweni yanapopata joto, na wengi wamebaki na ile nyembamba ya bei ndogo. Baadhi wameanza kutengeneza sabuni na mafuta ya ngozi kwa huo mwani, badala ya kuuza kilo tu. Wamama wetu wa sabuni za mawese, hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Lakini mwangalie mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa kamili, yanakuja maji ya bamvua: yanajaa sana na kukupwa sana, na yanakupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Siku hizo wamama wako kazini, unaweza kutembea nao juu ya mchanga. Wiki ya nusu mwezi utafika Paje asubuhi ile ile ukute maji tu. Kwa hiyo naomba safari ya Kariakoo isogezwe mbele au nyuma siku tatu nne ili tuangukie bamvua. Ni nyongeza isiyogharimu hata franka moja. Toka mjini kwenda Paje ni karibu kilomita 50. Tukikodi gari dogo la pamoja tunaondoka saa moja na nusu asubuhi na kurudi mjini kabla ya saa tisa. Boti ya Dar tunaipanda kesho yake, si jioni ile, maana gari likiharibika njiani hakuna wa kutungoja.

Mengine kwa kifupi. Vikwembe vyetu vinafaa, mabega yafunikwe. Watu wa pale wengi ni Waislamu, na mwezi wa Ramadhani mchana hakuna anayekula hadharani. Mkubwa kwako unamwambia "Shikamoo", naye atajibu "Marahaba". Bukari wanaita ugali, sombe wanaita kisamvu, nacho wanakipika kwa nazi. Wengine wetu walikipenda, mimi bado. Kiswahili chetu watakisikia mara moja na kutabasamu. Msione haya. Kile cha vitabu tunachofundisha shuleni kilitengenezwa juu ya lugha ya mji huu, chetu kilikulia kwenye mgodi na sokoni, na bei ya samaki tulielewana bila mkalimani.

Hesabu: tiketi za boti kwenda na kurudi, dola 70, bima kama inadaiwa, malazi ya usiku mbili mkilala watatu kwa chumba, gari la Paje mkigawana, na akiba ya usiku mmoja wa Dar kama bahari itachafuka. Akiba hiyo isiguswe kwa kununua vitenge. Katika mkutano wa Jumamosi nitaleta kalenda ya mwezi, na kila mama alete pasipoti yake tuangalie tarehe ya mwisho. Ambao zao zinakwisha kabla ya mwezi wa pili, waanze kuzishughulikia wiki hii.