Refa ana rekodi na sisi? Hebu tuhesabu vizuri!

Jamani, kuna watu wana kumbukumbu kushinda karani wa mahakama. Muulize mnazi wa soka tarehe aliyozaliwa mwanawe wa tatu, ataomba muda afikirie. Muulize refa fulani aliwanyima penalti lini, atakutajia siku, dakika na rangi ya soksi.

Kisorya, kule Bunda, ugonjwa huu una muda wa kutosha. Watu wanasubiri kivuko cha kwenda Rugezi, Ukerewe, na kikiwa ng'ambo huna la kufanya ila kubishana. Kijiwe kinakolea: Simba huku, Yanga kule, magunia ya dagaa katikati. Akitajwa tu refa wa mechi ya watani, hata kabla hujauliza nani ni majeruhi, swali ni moja: "Huyo ana rekodi gani na sisi?"

Mimi ni Simba, sifichi. Mabishano hayo niliyaona burudani tu, mpaka hiyo rekodi ilipomfikia binamu yangu.

Bwana mdogo huyu alipenda kipyenga toka shule ya msingi. Akazisoma sheria zote 17, akawa anachezesha ndondo za kijijini, zile za kugombea mbuzi. Posho yenyewe soda na nauli ya bodaboda. Msimu mmoja timu ya wapenzi wa tawi fulani (silitaji, nataka kwenda Kisorya na kurudi salama) ikamkataa. Mzee mmoja wa tawi akatoa daftari la shule.

"Ona mwenyewe, dogo. Kachezesha mechi zetu tano, tumefungwa nne. Hiyo nayo utasema bahati mbaya?"

Nikaliomba hilo daftari. Katika hizo nne, mbili walikutana na timu iliyobeba mbuzi mwaka huo. Moja walipigwa nne bila. Refa gani anafunga mabao manne peke yake?

"Mzee wangu," nikamuuliza, "na penalti alizowapa nyie ziko ukurasa gani?"

Kimya. Hazikuandikwa. Ya kupewa ni haki yetu, ya kunyimwa ndiyo rekodi. Na timu nyingine alizozichezesha, zenyewe zilifungwa mara ngapi? Hilo nalo hakuna aliyehesabu.

Msidhani huu ni ushamba wa kijijini. Machi 10, 2012, Azam ikiifunga Yanga 3-1, wachezaji wa Yanga walimpiga refa Israel Nkongo uwanjani, watu wakiona. Oktoba 1, 2016 ikawa zamu yetu. Amissi Tambwe wa Yanga alifunga, tukalia kwamba kaunawa mpira, refa Martin Saanya akalikubali bao. Viti vya Uwanja wa Taifa viking'olewa. Na mechi yenyewe ikaisha 1-1!

Juni 25, 2025 wakaletwa waamuzi kutoka Misri, watu wasio na shangazi Jangwani wala mjomba Msimbazi. Nikasema hapo sasa daftari limeisha wino. Thubutu! Mshikaji mmoja akadakia: "Mmisri? Si Al Ahly ya kwao ndiyo iliyotutoa robo fainali 2024?" Yanga wakashinda 2-0, daftari likapata ukurasa mpya.

Sisemi marefa ni malaika. Wapo wanaoboronga, wapo waliofungiwa, na wa mbeleko nao wapo. Lakini rekodi ya refa aitunze mtathmini wa waamuzi, anayeandika makosa ya pande zote, siyo aliyekuja na skafu shingoni. Wenzetu wa Uingereza, refa wa Ligi Kuu hutaja mapema timu anayoipenda, naye hapangiwi mechi zake. Mambo hadharani, kiroho safi.

Binamu yangu? Kipyenga kakitundika, siku hizi anauza dagaa. Ndondo iliyofuata akakosekana wa kuchezesha, maana kila jina lililotajwa lilikuwa na rekodi na mtu. Mwisho akapewa kipyenga msafiri aliyekuwa anasubiri kivuko. Kipindi cha pili kivuko kikaonekana kinakuja, na kuanzia hapo refa akawa anatazama ziwa kuliko mpira. Huyo, ajabu, hakuna aliyemlalamikia. Hakuwa na rekodi.

Kwa hiyo mwenzangu, wewe uliyejaza kwenye simu yako hesabu za marefa wanaokuonea, jaza na kurasa ulizoruka. Ukiona kazi kubwa, basi chukua kipyenga wewe uingie katikati ya uwanja. Sisi tutakaa pembeni, tuanze kukuhesabia.