Umeme Ulitangulia

Kampeni za uchaguzi wa mwaka 2013 nchini Kenya zilipopamba moto, muungano wa Jubilee uliahidi kumpa kila mtoto wa darasa la kwanza katika shule za umma kipakatalishi chake. Nilikuwa nikifundisha darasa hilo hilo kaunti ya Kilifi, na wazazi walianza kuniuliza vitafika lini hata kura hazijapigwa. Shule yetu haikuwa na umeme.

Ahadi ilichelewa, zabuni ikafutwa, kipakatalishi kikageuka tabuleti. Lakini nguzo za umeme zilifika. Chumba kimoja kikatiwa vyuma madirishani na mlango wa chuma, ili kuhifadhi tabuleti. Mpango ulipoanza rasmi mwaka 2016, na zamu yetu ikawadia, wanafunzi wa darasa la nane walikuwa wameshazoea kudurusu alfajiri chini ya taa. Kwangu mimi, hiyo peke yake ilikuwa faida kubwa, na jukwaani hakuna aliyeitaja.

Somo lenyewe lilibadilika kuanzia miguuni: sikusimama tena mbele ya ubao, nilizunguka baina ya madawati. Namkumbuka msichana mmoja aliyekuwa hafungui kinywa darasani. Aligusa picha ya mbuzi, akasikia jina likitamkwa, akalifuatisha kwa sauti ndogo. Akagusa tena. Jirani yake akamshika kidole kumwonyesha picha inayofuata, na punde wote wawili walikuwa wakisoma kwa sauti. Kelele iliongezeka, nami niliipenda.

Kilichotukwamisha ni kabati la kufungia tabuleti. Mwalimu mkuu alikuwa ametia sahihi kwa kila tabuleti, na ikipotea yeye ndiye wa kujibu. Nani angemlaumu kwa kuzifungia? Zikatolewa kwa zamu, halafu siku za wageni, halafu mara chache mno. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, watoto walikaa nyumbani miezi mingi bila kitabu wala mwalimu, na tabuleti zikabaki nyuma ya kufuli. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini 2019, unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa mambo ya msingi. Basi Wizara ya Elimu itenge fedha za betri na fundi, iwaondolee walimu wakuu mzigo wa kulipia kifaa kilichoharibika mikononi mwa mtoto anayejifunza, na iruhusu tabuleti zifike nyumbani.