Vimawimbi Juu ya Herufi

Mwaka wa 1966, nilipotiwa shule hapa Konza, si mbali na stesheni ambapo reli ya Magadi huchepuka kutoka ile njia kuu ya Mombasa, palikuwa na kibao cha mti, kipana kama kiganja, kilichotobolewa tundu moja na kupitishwa uzi wa mkonge, ambacho sisi watoto tulikiita diski. Mwenye kusikiwa akinena Kikamba baada ya kengele ya asubuhi alivikwa kibao hicho shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenziwe katika kosa lilo hilo. Na aliyekutwa nacho jioni ndiye aliyelipa deni la siku nzima kwa viboko. Nilikivaa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na aghalabu si kwa mazungumzo bali kwa ukelele tu: nikijikwaa, kinywa kilitangulia na Kikamba kabla akili haijawahi kukitafuta Kiingereza.

Tume ya Profesa Ominde ilikuwa imekwisha toa ripoti yake mwaka wa 1964, ikakipa Kiingereza daraja ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na wazee wetu, ambao wengi wao hawakuijua lugha hiyo hata neno, hawakuona tashwishi katika jambo hilo. Baba alikuwa kibarua wa reli. Nilipomwonyesha alama za fimbo mapajani alizitazama kwa huruma, kisha akasema, “Heri uchapwe leo, mwanangu, kuliko ushike sururu kesho.”

Mwaka wa 1976 ripoti ya Gachathi ilileta rai nyingine, kwamba mtoto wa madarasa matatu ya mwanzo afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Na nilipopewa kazi ya ualimu karibu na nyumbani, mwaka wa 1980, mimi niliyevishwa kibao kwa kunena Kikamba nikaamriwa sasa nikifundishe. Wallahi nilifurahi. Palikuwa na kitabu kimoja cha mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu, kimoja kwa darasa zima, na mashine ya chapa ya ofisini haikuwa na ĩ wala ũ. Hivyo kila karatasi niliyowapigia chapa wanafunzi ilinipasa kuitia vile vimawimbi kwa kalamu, herufi baada ya herufi, usiku, kwa mwanga wa kibatari.

Somo la kwanza nililichagua kwa makusudi. Konza ni nchi kavu, na hapana kitu mtoto wa hapa anachokijua zaidi kuliko adha ya maji. Basi nikaandika ubaoni kĩw’ũ, neno dogo lenye vimawimbi viwili na ritifaa moja, nikauliza ni nini. Kijana mmoja wa Kimaasai, ambaye wazazi wake walichunga ng’ombe upande wa Kajiado, akaniangalia bila kufahamu, na nilipomwonyesha mtungi akasema, “Enkare.” Binti wa mtumishi wa reli aliyetoka Nyanza akasema, “Pi.” Niliyaandika yote matatu, safu moja, yakapendeza, walakini somo lilipotaka kuendelea hapakuwa na lugha ya kuliendeleza ila moja, na darasa zima, bila kuamriwa na mtu, likasema maji. Waliopitisha neno “lugha ya eneo” yamkini walidhani kila eneo lina moja, kumbe stesheni ya reli ni eneo la kila aliyeshuka. Yule kijana wa Kimaasai, maadamu nilifundisha kwa Kikamba, alikuwa chini yangu kama nilivyokuwa mimi chini ya kibao, ila mimi sikumpiga.

Tangu hapo Kiswahili ndicho kilichoshika saa za asubuhi, na ulipoanza mfumo wa 8-4-4 mwaka wa 1985, kikawa somo la lazima lenye mtihani wake wa taifa, hata mzazi aliyekidharau jana akaanza kukinunulia vitabu. Ninaandika haya kwa Kiswahili na ninakipenda. Lakini siwezi kuficha kwamba nafasi kiliyoipata chumbani kwangu kiliipata kwa kumsukuma ndugu yake mdogo. Saa za Kikamba zilibaki katika ratiba iliyobandikwa ukutani, na ndani ya saa hizo tulifanya hesabu. Wala sitawalaumu wazazi, kwani wanangu mwenyewe niliwapeleka shule ya kulipia, ya Kiingereza tupu.

Januari 2013 Rais Kibaki aliuzindua mji wa teknolojia katika ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili, na viwanja kandokando yake vikanunuliwa na watu wa kila kabila; leo dukani Konza muuzaji hukuamkia kwa Kiswahili kwanza, hata akiwa Mkamba na wewe u Mkamba.

Ulipokuja mtaala mpya mwaka wa 2019, lugha za kiasili zilirudishwa katika madarasa matatu ya chini. Mjukuu wangu aliniletea kazi ya nyumbani: aandike maneno matano ya Kikamba kutoka kwa wazee. Mwalimu wake ni kijana hodari aliyepangiwa kazi kutoka magharibi, ambaye Kikamba chake ni salamu tu.

“Sũsũ, kiwu inaandikwaje?” mtoto akaniuliza.

Nikaishika penseli yake, nikatia kimawimbi, na ritifaa, na kimawimbi kingine. Akavitazama sana, kisha akauliza kama mwalimu hatadhani ni uchafu. Nikamwambia aviache.

Kesho yake daftari lilirudi na alama ya vema. Vile vimawimbi viwili vilikuwa vimezungushiwa wino mwekundu, na pembeni pamewekwa alama ya kuuliza.